Rafu Haisomi

Mkutubi uliyehamishiwa kitengo cha ununuzi juzi, pokea ushauri: usimuulize msomaji anataka nini, atakuchelewesha. Mwaka wa fedha unafungwa Juni 30, na bajeti iliyobaki ni aibu kubwa kuliko kitabu kisichosomwa. Nunua seti nene zenye majalada ya kung'aa. Mgeni rasmi hafungui kurasa, anapigwa picha mbele ya rafu. Pokea na kila boksi la msaada, hata la miongozo ya Windows 95. Kutoa ni moyo. Kupokea ni takwimu.

Wabishi watakukumbusha kuwa Ranganathan, mkutubi wa India, alishaandika mwaka 1931 kwamba vitabu ni vya kutumiwa. Watataja pia Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani: utafiti uliotolewa mwaka 1979 ulikuta karibu asilimia 40 ya vitabu vilivyonunuliwa mwaka 1969 havikuazimwa hata mara moja kwa miaka sita. Utawajibu kwamba kitabu humngoja msomaji wake, na kwa vichache ni kweli. Ila kungoja nako kuna gharama. Hata cha bure huorodheshwa, hubandikwa namba, hupanguswa vumbi, kisha hukalia nafasi ya kitabu cha kiada ambacho wanafunzi kumi wanagombea nakala moja iliyochanika mgongo.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini oda, fungua daftari la maombi ya wasomaji. Ukilikuta tupu, usiwalaumu wao. Uliza kwanza linafungiwa kabati gani.