Bomba la Pipi

Vijana wa mjini wakifurahishwa na kitu husema ni bomba. Nguo bomba, wimbo bomba, mambo bomba. Nina hakika aliyeanzisha msemo huo hakuwahi kukarabati bafu.

Mimi nafundisha hisabati sekondari. Nyumba yetu ya Tabata ilijengwa mwaka 1987 na marehemu baba, mtu aliyeamini kwamba kitu kisicho kizito si kitu. Mabomba yote aliyoyaweka yalikuwa ya chuma kilichopakwa zinki, yale mafundi wanayoyaita ji-ai, nayo aliyazika ukutani kwa saruji utadhani alihofia yangetoroka. Yalitutumikia miaka mingi. Kisha maji ya asubuhi yakaanza kutoka na rangi ya chai ya rangi. Mama watoto alivumilia hadi siku alipoianua kanzu yangu nyeupe kambani, akaishika kwa ncha za vidole viwili.

"Baba watoto, hii bado ni ya Ijumaa, au sasa ni ya kulimia?"

Nikamwita fundi. Alikata kipande cha bomba kwa grinda, akakipuliza, akanipa. Tundu lililobaki katikati lilitosha kupitisha njiti ya kiberiti, tena njiti isiyo na makuu. Zinki huwekwa ili ilinde chuma, lakini yenyewe huliwa polepole, na maji yetu ya kisima yana chumvi inayoichochea kazi hiyo. Zinki ikiisha, kutu huanza, na kutu hutaka nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Kwa hiyo bomba hunenepa kwa ndani, hadi maji yakose pa kupita.

Hapo nikaona fursa ya kufundisha. Niliwakusanya watu wa nyumbani nikawaeleza kwamba bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 15 likibaki na tundu la milimita 5, njia ya maji haipungui mara tatu tu. Inapungua mara tisa, kwa sababu eneo la duara hufuata kipeo cha pili cha nusu kipenyo. Hakuna aliyepiga makofi.

Sasa, ukitaka kujua idadi ya wataalamu wa mabomba katika mtaa wako, chimba ukuta. Wa kwanza kufika alikuwa mzee jirani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu, usidanganywe na plastiki. Chuma ni chuma."

Nikampa kile kipande. Akakichungulia upande mmoja, akakigeuza, akachungulia upande wa pili, akanirudishia kwa upole. "Hiki," akasema, "kilikuwa na bahati mbaya."

Shemeji alikuja na hoja ya PVC: rahisi, nyepesi, unapaka gundi unachomeka, huhitaji mashine. "Hata wewe, shemeji, unaweza." Ile "hata wewe" iliniuma kidogo, lakini kilichonizuia hasa ni hita. Mama watoto alikuwa ameshatoa hukumu kwamba bafu jipya litakuwa na maji ya moto, na PVC ya kawaida ikipitishiwa maji ya moto hulegea kama mshumaa wa mchana wa jua.

Shuleni nako kikao kikafunguliwa bila ajenda. Mwalimu wa fizikia alitetea shaba, kwa kuwa shaba hailiwi na kutu na inastahimili moto. Ni kweli. Ila shaba nayo ina wapenzi wanaotembea usiku, na sikutaka kuamka asubuhi nikute nimebakiziwa ukuta. Mwalimu wa historia akatukumbusha kwamba Warumi walitumia mabomba ya risasi. Mlinzi aliyekuwa akipita mlangoni akasikia "mabomba ya risasi", akasimama. Ilibidi tumweleze kwamba ni yale madini, tena yenye sumu, na kwamba hakuna vita.

Mwisho fundi wangu akatoa lake: PPR. Ni plastiki inayostahimili maji ya moto, haioti kutu, na haiungwi kwa gundi wala kwa tredi. Unayeyusha ncha ya bomba na mdomo wa kiungo kwa mashine, unavisukuma pamoja, na vikipoa vinakuwa kitu kimoja. Fundi alilitamka jina hilo haraka haraka: "pi-pi-a". Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kutusalimia, alinyamaza kwanza. Baadaye akamwita binti yake pembeni.

"Mumeo anajenga kwa pipi?"

Kuanzia siku hiyo nyumbani kwetu hakuna PPR. Kuna bomba la pipi.

Nikaenda Gerezani, Kariakoo, nikiwa na orodha ya fundi na kiburi cha mwalimu wa hesabu. Kijana wa duka, ambaye ningemkadiria kidato cha nne, aliniuliza nataka PN ngapi. Nilijibu kwamba nataka bomba. Akanielewesha bila kunicheka, jambo ambalo liliniuma zaidi. PN10 ina ukuta mwembamba, PN16 wa wastani, PN20 mnene. Namba hiyo ni presha, kwa kipimo cha ba, ambayo bomba linaivumilia likiwa na maji ya baridi. Maji yakipata moto uvumilivu hupungua, ndiyo maana kwenye hita huchukuliwa nene.

Kosa langu likaja kwenye ukubwa. Fundi alikuwa ameandika "25" kwa njia kuu kutoka kwenye tangi na "20" kwa matawi ya bafuni. Nikapiga hesabu kichwani: bomba la zamani ni nusu inchi, nusu inchi ni milimita 12.7, kwa hiyo 20 tayari ni kubwa kupita kiasi, na huyu fundi anataka kuniibia. Nikafuta 25 yote nikaandika 20. Nilirudi nyumbani kwa bajaji, nimekumbatia mzigo wa mabomba yaliyotokeza nje kama mikuki, na furaha ya mtu aliyemuwahi mwizi.

Fundi alitazama mzigo, akanitazama mimi. "Mwalimu, chuma huitwa kwa tundu la ndani. Hii huitwa kwa unene wa nje."

Nikachukua rula. Nje milimita 20. Ukuta wa PN20 milimita 3.4 kila upande. Ndani palibaki 13.2, pembamba hata kuliko lile bomba la baba kabla halijaota kutu. Siku iliyofuata nilirudi Gerezani. Yule kijana aliponiona aliingia ndani, akatoka na mabomba ya 25. Hakuniuliza kitu.

Kazi ikaanza. Mashine ya kuyeyushia hupanda hadi nyuzi joto 260. Bomba la 20 hukaa motoni sekunde 5, la 25 sekunde 7. Fundi alihesabu kwa sauti, nami nikaridhika, maana mtu anayehesabu ni mwenzangu. Katika kiungo cha nne, alipofika "tatu", simu ikaita. Akaipokea kwa bega.

"Nipo njiani, bosi! Nipo njiani kabisa, hapa Ubungo!"

Alipomaliza kuwa Ubungo, plastiki ilikuwa imelainika kama unga wa maandazi. Aliposukuma, ikajikunja kwa ndani ikaziba tundu lote. Tukakata, tukatupa, na tangu hapo fundi akawa na hofu ya kuunguza. Viungo vilivyofuata vilitolewa motoni kwenye "tatu". Nilimsikia kwa masikio yangu mawili. Nikafikiri amepata uzoefu.

Ikabaki kupima. Fundi alisema wengine hukodi pampu ya mkono yenye geji, hujaza mabomba maji na kuyabana kwa presha kubwa kabla ya kupiga plasta, lakini hiyo ni gharama, na yeye kazi yake anaijua. Nikaomba dakika mbili za hesabu. Tangi letu liko juu mita 6. Kila mita 10 za kimo cha maji hutoa takriban ba moja. Kwa hiyo bomba langu la ba 20 lingebeba ba 0.6. Nikacheka. Kumpima huyu ni sawa na kumuuliza tembo kama anaweza kubeba chungwa. "Piga plasta," nikasema.

Plasta ikapigwa, vigae vikapangwa, maji yakafunguliwa. Yalitoka meupe, ya moto na ya baridi, na kwa wiki tatu nilioga mara nyingi kuliko inavyohitajika kwa mtu wa umri wangu.

Wiki ya nne ikafika siku ya posa ya binti yetu. Washenga walikuwa sebuleni, maneno matamu yakipishana na sambusa, bibi mmoja wa upande wa pili akaomba kwenda kunawa mikono. Alirudi ameshika kigae.

"Samahani, mwanangu. Nilikiegemea tu."

Nyuma ya kigae ukuta ulikuwa umelowa hadi kwenye tofali, na rangi ya upande wa sebuleni, nyuma ya kichwa cha mshenga mkuu, ilikuwa imevimba malengelenge. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilijenga ukuta kwanza, ndipo nikaanza kutafuta ufa.

Fundi wa pili, mtu wa maneno machache, alifika na pampu na geji. Siku hiyo kisima kilikuwa kimepungua na maji ya mtaa yalikuwa ya mgao, hivyo tuliagiza boza. Tulinunua maji ili tujue kama tunaweza kupata maji. Familia nzima ilijipanga kwenye viti vya plastiki ikitazama mshale wa geji kama penati ya fainali. Fundi akasukuma hadi ba 10. Mshale ukasimama, ukafikiri, ukaanza kuteremka. Hata dakika tatu hazikufika.

Nikamwonyesha hesabu yangu ya tangi. Akaisoma hadi mwisho.

"Hesabu ni sahihi, mwalimu. Ila bomba halijapasuka. Kilichoachia ni kiungo, hakikuiva. Na hiyo presha yako ndogo ndiyo iliyokuponza: ingekuwa kubwa, kingeruka siku ile ile, ukuta ukiwa wazi. Hii ilikuwa inadondosha tone tone, inakungoja umalize vigae."

Nilikaa kimya. Wiki nzima tulibishana chuma, shaba na plastiki, mtaa mzima na nusu ya chumba cha walimu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza nani atahesabu hadi tano.

Tulivunja, viungo viwili vikakatwa na kuungwa upya, kila kimoja kikikaa motoni muda wake kamili huku mama watoto akiwa ameishikilia simu ya fundi. Mshale ukapanda tena hadi 10, ukabaki hapo hadi chai ikapoa. Posa nayo ilikubaliwa. Yule bibi alisema familia inayovunjikiwa ukuta mbele ya wageni na bado ikawapa sambusa ya pili haina cha kuficha.

Nilipokwenda kununua vigae vya kuzibia, toleo lile lilikuwa limekwisha. Niliambiwa hivi ni vilevile, na dukani vilionekana vilevile. Ukutani ni vinne vyenye weupe wa maziwa katikati ya vingi vyenye weupe wa chumvi. Kila mgeni akitoka bafuni huuliza kuna nini pale.

Mama watoto hajawahi kuchoka kujibu. "Pale," husema, "ndipo mwalimu alipofundishwa kuhesabu hadi tano."