Moshi Usiotaka Kukaa Mkao

Mbele ya ukuta mweupe, moshi hautoki kwenye picha. Unataka giza nyuma yake. Ndiyo maana buibui la shangazi lilishinda limetundikwa kwenye misumari nyuma ya chetezo: nyumba nzima, pale Tanga, haikuwa na kitambaa kingine cheusi kisicho na maua. Naye, kwa kuwa hana pa kwenda bila buibui, akabaki msimamizi wa kazi.

Taa ya mezani nikaiweka ubavuni, mwanga uupige moshi usiguse kitambaa. Hapo moshi wa udi hutoka wa buluu, kwani chembe zake ni ndogo mno, na chembe ndogo hutawanya mwanga wa buluu kuliko mwekundu. Hupanda wima kidogo, kisha hujisokota wenyewe. Kwenye kujisokota ndipo penye picha, ila mtu akipita ukumbini tu, kwisha. Kwa hiyo madirisha yamefungwa, pangaboi limezimwa, na huo ni mwezi wa Februari. Shangazi alivumilia mpaka jasho likamfika kidevuni.

"Mwanangu, huo moshi unautolea pasipoti? Unasafiri?"

Moto nao una vituko vyake. Simu ikiona giza hujitia kuongeza mwanga, mwali wa mshumaa ukatoka kama yai lililomenywa. Dawa ni kuzima flashi, kugusa mwali kwenye kioo na kushikilia kidole, kisha kushusha mwanga mpaka njano irudi. Na njano ile ni masizi, chembe za kaboni zinazong'aa kwa joto. Nilipomweleza shangazi, alinionyesha sufuria iliyotoka kwenye kuni: kama masizi ndiyo niyatakayo, yako pale, na dodoki lipo.

Nilichokitamani zaidi ni ule mchezo ambao mwanasayansi Michael Faraday aliwaonyesha vijana wa London mwishoni mwa 1860: unazima mshumaa, unasogeza kibiriti kwenye moshi wake, na moto unaruka hewani kurudi utambini, maana moshi ule ni mvuke wa nta. Lakini Faraday hakuwa na mpwa wangu. Huyu akiona mshumaa anajua ni sikukuu ya mtu. Anapuliza kwa mate, anapiga makofi, anauliza keki iko wapi.

Tukafungua madirisha, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Mtaani kwetu udi ukinuka mchana kweupe, kuna wageni wa heshima. Haikuchukua muda jirani akabisha hodi, kanga mpya, wanja machoni.

"Haya, posa ya nani?"

"Hakuna posa," shangazi akamjibu. "Huyu anapiga picha moshi."

Jirani akakitazama chetezo, akanitazama mimi, kisha akaketi kwenye kochi na kuweka sawa mtandio.

"Basi nipige na mimi. Ila huo moshi usinizibe uso."