Mtaalamu wa Mitambo

Jumamosi, mbele ya jeneza la mjomba na waombolezaji waliofurika boma lote hapa Navakholo, mwendesha ratiba alitangaza kwa kipaza sauti: "Jamaa zetu walio Doha wanasema wanaona duara tu linazunguka. Mtaalamu wetu wa mitambo yuko wapi?" Mtaalamu nilikuwa mimi, nimechutama nyuma ya turubai na laptopu mapajani, kamera ya kukodi imechomekwa ubavuni mwake. Kukhu mmoja, bibi wa kiti cha mbele, akauliza, bila kipaza sauti na bado akasikika hadi barabarani, kama ni mimi niliyezima mazishi.

Bando nilikuwa nalo, tena lile "lisilo na kikomo". Ndani ya simu video zilipepea. Nikiwasha hotspoti ili laptopu ipate, mtandao unakufa. Nikizima, unafufuka, neno ambalo hulitamki ovyo kando ya jeneza.

Usiku huo nilichimba. Kumbe kila pakiti ya data hutoka na nambari yake. Simu ya Android kwa kawaida huanzia 64, laptopu ya Windows 128. Kila mtambo unaoipokea na kuipitisha mbele hupunguza moja, na ikifika sufuri pakiti hutupwa. Waliobuni hesabu hii walikuwa na nia njema: pakiti iliyopotea njia isitangetange milele kama roho ya mtu asiyezikwa. Sasa tazama ujanja. Pakiti ya simu yangu hufika kwa kampuni ya simu na 64 kamili. Ya laptopu imepitia kwenye simu kwanza, kwa hiyo hufika na 127. Yule wa upande wa pili haoni turubai wala marehemu. Anaona 127, basi, umegawa intaneti. Tafuta laptopu inayoanzia 64, itafika na 63, umenaswa tena. Kwa moja tu! Ni njia mojawapo ya kumnasa mtu, na uzuri wake ulinifanya nisahau kwa muda kwamba nimeibiwa.

Maana nimeibiwa. Data nimeilipia, inawahusu nini nikiimalizia kwenye simu au kwenye laptopu? Dada wa huduma kwa wateja alinisomea vigezo na masharti, akaniarifu kwa upole kuwa bando la hotspoti lipo, linauzwa kando. Marekani, mwaka 2012, kampuni ya simu ya Verizon ililipa dola milioni 1.25 kumaliza uchunguzi kuhusu kuwazuilia wateja programu za kugawa intaneti. Hapa Kenya wakili Adrian Kamotho alishtaki mwaka 2019 kuhusu bando kuisha muda, na Oktoba mwaka huohuo mabando yasiyoisha muda yakaanza kuuzwa. Kuhusu hotspoti, mimi nimepewa "pole".

Wala si hotspoti tu: bando la WhatsApp pekee nalo hunionyesha kiungo, kukifungua ni pesa nyingine.

Na Novemba 2024, Telegram ilipozuiwa kwa sababu ya mtihani wa KCSE, mimi sikuwa mtahiniwa. Nilikuwa nauza kuku humo.