Namna ya Kushindwa kwa Heshima na Modeli Zako za Plastiki

Sogea karibu, ndugu yangu. Yale maboksi ya ndege na vifaru yaliyojaa juu ya kabati hutayaunda. Unajua, nami najua, na mwenzako wa nyumbani alijua zamani, ila anakusitiri. Kampuni ya modeli ya Airfix ilianzishwa London mwaka 1939 na Nicholas Kove, ikatoa ndege yake ya kwanza ya Spitfire ya plastiki mwaka 1953, na mpaka leo kununua kunachukua dakika moja huku kuunda kunakula miezi. Huna kosa. Hebu nikufundishe kusalimu amri vizuri, upate na pesa.

1. Chagua matatu ya kubaki. Matatu, si kumi. Lile unalolitunzia siku za kustaafu liingie sokoni leo, kwa sababu stika zake zinazeeka haraka kuliko wewe.

2. Kama kilichokuteka ni mchoro wa boksi, nunua boksi tupu. Sisemi utani: maboksi matupu yanauzwa mtandaoni na yana wateja. Roy Cross aliichorea Airfix kuanzia 1964 hadi 1974, na wengi wetu tulilipia mkono wake, plastiki ikaja kama nyongeza. Tundika kifuniko ukutani, utakuwa umeruka kazi yote ya gundi na msasa.

3. Ukinunua modeli kamili, usiliamini neno “haijafunguliwa.” Nailoni ya nje mtu yeyote huweza kuivisha upya nyumbani kwake. Omba picha tatu: fremu zote zimetandazwa mezani, stika peke yake, na vioo peke yake. Mimi niliona haya kuomba. Nikanunua Spitfire ile kubwa ya kipimo cha 1/24, muuzaji akaniapia kwamba imekamilika. Nilipofungua, vipande vyote vilikuwepo kweli, ila kioo cha rubani kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, toka paji mpaka kisogoni. Ufa wa bawa unauziba kwa putti ukapaka rangi. Ufa wa kioo unakutazama kila siku.

Stika zikiwa za manjano, zitie kwenye mfuko unaoonyesha ndani, zibandike dirishani zitazame jua, ukague kila baada ya siku chache. Mara nyingi umanjano hupungua. Kisha kata moja usiyoihitaji, iloweke kwenye maji ya vuguvugu. Ikivunjika vipandevipande, tafuta seti mpya, usipoteze jioni yako.

4. Ukiuza, tubu wewe kwanza. Hii ndiyo njia ya mkato kuliko zote, na watu hawaipiti kwa sababu ya kiburi. Andika: “Gurudumu moja la nyuma halipo, boksi limebonyea kona ya kulia, fremu moja imefunguliwa.” Mnunuzi wa modeli anapenda kujiona fundi. Mwonyeshe gurudumu lililopotea, atakujibu kwamba la kwake lipo, limebaki kwenye modeli nyingine. Mfiche, atalidai gurudumu hilohilo kama mahari.

Vifaru vya zamani vifungue kabla ya kuvipiga picha. Ile minyororo laini ya mpira ikigusana na plastiki kwa miaka huila, ikaacha alama kama nta iliyoyeyuka. Itenganishe, kila mmoja na mfuko wake. Ukikuta imeshakula, piga picha palepale pabaya, uiweke ya kwanza.

5. Funga mzigo kana kwamba mpokeaji ni mwanao. Hapa usinifanyie haraka. Boksi la modeli si boksi la safari. Ni shati la kitambaa chepesi, na mkusanyaji analipia shati hilo nusu ya bei. Anza ndani: jaza karatasi laini juu ya fremu mpaka kifuniko kifunge bila kulazimishwa. Vioo vifunge kwa kitambaa laini, peke yao. Tikisa kwenye sikio. Ukisikia mchakacho, fungua, ongeza karatasi. Usibandike selotepu kwenye boksi lenye mchoro hata kidogo. Lizungushie karatasi kwanza, ndipo nailoni ya mapovu.

Halafu boksi la nje, gumu, lenye nafasi ya sentimita nne kila upande. Usiokote tu boksi la dukani. Kampuni nyingi za vifurushi huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, hugawanya kwa 5,000, na jibu likizidi mzani unalipia jibu. Boksi la 50 kwa 40 kwa 20 linahesabiwa kilo 8, ingawa modeli yako haifiki hata mbili. Kata, kunja, ulishushe liwe 46 kwa 34 kwa 15: sasa ni kilo 4.7. Kisu na dakika kumi vimekulipa.

Rangi za mafuta na gundi zitoe. Zinashika moto, na ndege za mizigo hazizitaki kwenye vifurushi vya kawaida. Mpe kijana wa jirani anayeanza.

6. Ukituma nje ya nchi, usiandike “zawadi” kwenye fomu ya forodha. Mnunuzi atakubembeleza, mkatalie kwa upole. Tangu 1 Julai 2021 Umoja wa Ulaya unatoza kodi ya ongezeko la thamani hata kwenye bidhaa ndogo zinazotoka nje, na Uingereza sasa iko nje. Ukitangaza pauni tano kwa modeli ya tisini, siku mzigo ukipondwa bima itakulipa tano.

7. Pesa zitaingia, na usiku huohuo utajikuta unaitazama ndege ya Lancaster ya 1/72 kwenye mnada wa eBay. Nilijua. Chukua kalamu, andika kwenye karatasi kiasi cha mwisho ambacho huwezi kukionea aibu mbele ya mwenzako, pamoja na nauli ya mzigo. Kiweke mara moja kama dau lako la juu. eBay itakupandishia kidogokidogo kadiri wengine wanavyopanda, na itasimama hapo ulipoiambia. Zima simu. Kalale.