Mama Mkwe na Kikombe cha Maji

Jumatano ya kwanza ya mwezi nyumbani kwetu haina utani. Ndiyo siku EWURA wanapotangaza bei kikomo za mafuta, na baba watoto huamka na redio sikioni kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani wa mwanawe. Tangu Mei 2022, petroli ilipovuka shilingi 3,000 kwa lita, usiku wa Jumanne hiyo halali vizuri, na asipolala yeye hatulali sote.

Jumanne moja alijithibitishia kwamba kesho yake bei itapaa. Jioni akarudi kutoka Tanga na dumu la lita ishirini limejaa, akaliingiza stoo kimyakimya na kulisukuma nyuma ya debe la mchele. Kifuniko cha dumu kilishapotea zamani; alikuwa ameziba mdomo kwa mfuko wa nailoni na mpira wa baiskeli. Ijumaa tukapata wageni. Nikapika wali wa nazi na pweza wa asubuhi ile, pweza ambaye hata baharini alikuwa bado hajasahaulika. Mgeni wa kwanza akatia tonge mdomoni, akatulia. Wa pili akaomba maji. Mama mkwe akavuta sahani, akanusa, akasema, "Mwanangu, huu mchele umesafiri kwa boti ya mashine."

Petroli haihitaji kumwagika ili iharibu. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa: hutambaa sakafuni taratibu ukitafuta moto, na jiko langu la mkaa lilikuwa hatua chache tu kutoka mlango wa stoo. Nilimwambia baba watoto kwamba tumeponea tundu la sindano. Akajibu kwa sauti ya chini kwamba na bei yenyewe imeshuka.

Gari inayotutesa ni Vitz ya zamani, injini ya cc 997, aina ile ambayo watu huiita bebi woka. Sisi tupo Kigombe, kati ya Tanga na Pangani. Ukitaka mtungi wa gesi, daftari la mtoto au daktari wa meno, ni Tanga, kama kilomita thelathini kwenda na thelathini kurudi. Shemeji yangu, mdogo wake baba watoto, humchokoza kwamba asiwe na wasiwasi, bomba la mafuta la kutoka Hoima, kilomita 1,443, mwisho wake ni hapa hapa kwetu Chongoleani. Baba watoto aliwahi kuuliza kwa dhati kama wakazi wa mkoa watapata bei ya jirani. Ikabidi aelezwe kwamba hayo ni mafuta ghafi, yatapakiwa melini yaende zake, na Vitz haijui kunywa mafuta ghafi.

Basi akafungua daftari. Lilikuwa daftari la hesabu la mwanetu wa darasa la tatu, lile lenye vyumba vidogo vidogo. Safu ya kwanza tarehe, ya pili shilingi, ya tatu dereva, ya nne safari, na ya tano aliandika MGUU. Mguu wangu uliandikwa "mzito". Wa shemeji "mzito mno". Wa kwake "wastani". Ushahidi wa haya yote ulikuwa mshale wa mafuta, na mshale wa gari ile ni muongo wa kuzaliwa: ukipanda kilima unasema unakufa njaa, ukishuka unasema umeshiba. Isitoshe yeye huweka mafuta ya elfu kumi kumi, kwa hiyo hakuna siku aliyojua tangi lina kiasi gani.

Mpwa wake, anayesomea ufundi wa magari Tanga, ndiye aliyemwonea huruma. "Mjomba, jaza mpaka pampu ijikate. Rudisha kilomita sifuri. Tembea siku zako, kisha jaza tena pampu ile ile mpaka ijikate. Kilomita gawanya kwa lita ulizoongeza. Basi." Ilimuuma kujaza tangi kwa mkupuo, lakini alijaza. Jibu likaja kilomita kumi na moja kwa lita. Gari kama ile, kwa njia yetu isiyo na foleni wala milima, haipaswi kushuka chini ya kumi na tano. Akaketi ukumbini akilitazama daftari. Alijua sasa kwamba anaibiwa, ila mwizi hakumjua, na mtu wa namna hiyo ni hatari ndani ya nyumba.

Akaanza kusoma kwenye simu usiku. Akakuta habari za wataalamu wa maabara ya Shell kule Wood River, Illinois, ambao mwaka 1939 waliwekeana dau nani atafika mbali zaidi kwa galoni moja. Mshindi alifika karibu maili 50, sawasawa na kilomita 21 kwa lita. Baba watoto aliichukua habari ile kuwa ni tusi kwake binafsi. "Thelathini na tisa!" aliniamsha. "Hata Mwalimu hajakwenda Makerere!"

Kilichofuata ni mbinu. Ya kwanza ilikuwa kujibanza nyuma ya lori la mkonge ili lori likate upepo yeye apite bure. Upepo kweli hula mafuta. Ukiongeza mwendo mara mbili, ukinzani wake unaongezeka mara nne, ndiyo sababu mwendo wa 110 unauma kuliko wa 80. Lakini ili lori likufae inabidi uwe karibu nalo kiasi kwamba likifunga breki, nawe umeshaingia ndani ya shehena. Yeye aliacha kwa sababu nyingine: alifika nyumbani na nyuzi za mkonge kwenye nyusi.

Mbinu ya pili ilimhusu mama mkwe. Mwaka 2010 Toyota ya Sweden ilitoa programu ya simu yenye picha ya glasi ya maji; dereva aendeshe bila kuyamwaga maji yale, kwa kuwa anayekwenda kwa ulaini bila kukurupuka hutumia mafuta kidogo. Wazo zuri. Baba watoto hakuona haja ya programu. Alichukua kikombe cha bati, akakijaza mpaka ukingoni, akamkabidhi mama yake kiti cha mbele.

"Mama, kishike tu. Kikimwagika uniambie."

"Kikimwagika hutakuwa na haja ya kuambiwa."

Tulitoka Kigombe kwa mwendo wa bibi harusi. Madirisha wazi, kiyoyozi marufuku. Baiskeli ya muuza mkaa ilitupita, mwenyewe akageuka kututazama kama tumeharibikiwa. Barabara ya Tanga na Pangani, baada ya miaka na miaka ya vumbi na makorongo, ilishaanza kupata lami, na lami kwetu huja na matuta. Tuta la kwanza tukavuka salama. La pili kidogo. Karibu na Tongoni, pale penye magofu na makaburi ya kale, mbuzi akaamua kuvuka. Baba watoto akafunga breki kwa mguu ule ule wa wastani, na kikombe chote kikahamia kwenye buibui. Mama mkwe hakusema kitu. Aliangalia chini ya kikombe, akakuta funda moja limebaki, akalinywa.

"Nimemaliza mtihani," akasema. "Washa hicho kiyoyozi." Kisha akatukumbusha, kama anavyopenda, kwamba mwanzoni mwa miaka ya themanini magari ya watu binafsi yalipigwa marufuku barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana kwa sababu ya uhaba wa mafuta, na watu walioa, walizika na walitembeleana bila kumwagiana maji.

Lakini kikombe kilikuwa na haki yake. Mara ile tu nilikaa nyuma nikaona: kwenye kila tuta baba watoto alikanyaga mafuta mpaka mita za mwisho, ndipo akafunga breki. Petroli iliyokwisha kuungua ikageuka joto la breki, kisha akaanza upya kuinunua kasi ile ile. Tuta unaliona mbali. Ukiinua mguu mapema, gari ikiwa kwenye gia, injini za sindano kama yetu hukata mafuta kabisa. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha. Haya mpwa alituchorea mchangani kwa kijiti. Baba watoto alitikisa kichwa sana siku ile, na mtu akitikisa kichwa kiasi kile ujue hajasikia.

Maana mwezi uliofuata tulikwenda harusini Amani.

Kupanda Amani, mshale ulishuka na uso wa baba watoto ukashuka nao. Harusi ilikuwa ya heshima, biriani halikuwa na harufu ya boti, tukaaga mchana. Tulikuwa wanne: yeye, mama mkwe mbele, mimi na shemeji nyuma, na kwenye buti gunia la nazi ambalo mama mkwe alilitia wiki nyingi nyuma na hakuna aliyekumbuka kulishusha. Tulipoanza kuteremka kuelekea Sigi, baba watoto akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Mlima huu ulichukua," akasema, "sasa utarudisha."

Akasukuma gia kwenye N. Halafu, kabla hatujamwelewa, akazima injini.

Palitulia kweli. Tukasikia ndege wa msituni. Kona ya kwanza akaikata vizuri, usukani ukiwa mzito kidogo. Kwenye ya pili akagusa breki, ikashika. Akagusa tena, ikawa ngumu. Mara ya tatu ikawa jiwe. Breki ya gari dogo husaidiwa na nguvu ya mvuto wa hewa inayotengenezwa na injini. Ukizima, unabakiwa na akiba ya mikanyago miwili mitatu, baadaye ni paja lako na Mola wako. Baba watoto alisimama juu ya pedali. Shemeji akavuta breki ya mkono. Mama mkwe alishafika Ayatul Kursiyyi. Kwenye kona iliyofuata gari iliacha barabara kwa upole wa ajabu, ikaingia mfereji wa upande wa mlima, ikaegemea ukingo wa udongo mwekundu na kunyamaza. Nazi zikaendelea kugongana nyuma kwa muda.

Hakuna aliyeumia. Bampa lilipinda na taa moja ikatazama juu. Vijana waliokuwa wakirudi na vikapu vya pilipili manga wakaja mbio, wakainyanyua Vitz kama sofa na kuirudisha njiani. Mmoja akauliza kwa huruma:

"Mzee, mafuta yalikwisha?"

"Hapana, yapo."

"Betri?"

"Nzima."

"Sasa mbona ilikuwa imezimwa?"

Baba watoto alishughulika sana kukagua tairi. Mama mkwe ndiye aliyejibu: "Anaweka akiba."

Tukashuka hadi Muheza kwa gia, injini ikiwaka. Fundi mmoja kwenye kibanda chake, katikati ya wauza machungwa, alitusikiliza mpaka mwisho bila kucheka, nikamheshimu. Akasema ukiweka N mteremkoni injini inaendelea kunywa ili isizimike, ukiacha gia inatembea bila tone. Na gari ya otomatiki ukiizima inateremka, pampu ya mafuta ya gia nayo imesimama, unaunguza gia ili uokoe shilingi mia mbili. Kisha akazunguka nyuma. Alikuwa ameiacha gari ipoe kwa muda mrefu, ndipo akatuambia tuitembeze kidogo barabarani na kurudi bila kugusa breki. Akachovya vidole kwenye ndoo ya maji, akanyunyizia gurudumu la nyuma kushoto. Likachachatika. La kulia likalowa tu.

Akainua kwa jeki, akalizungusha gurudumu kwa mkono. Likaenda nusu mzunguko, likagoma. Alipovua ngoma ya breki ilitoka na unga wa kutu kiganja kizima. Ni chumvi. Gari inayolala Kigombe hupuliziwa bahari usiku kucha; waya wa breki ya mkono ulikuwa umeshika kutu ndani ya ala yake, ukiuvuta haurudi wote. Tulikuwa tunasafiri tumefunga breki nusu, na hakuna mguu ambao ungelirekebisha hilo, uwe mzito au wa wastani. Matairi nayo yalikuwa na upepo 22. Kibandiko cha Kijapani kwenye nguzo ya mlango wa dereva kiliandikwa 220, kilopaskali, ambazo ni 32 kwenye kipimo cha mtu wa pancha. Baba watoto alikuwa akikiona kila siku akidhani ni bei.

Nusu ya wizi ikapatikana Muheza. Nusu nyingine alikuwa nayo nyumbani, kwa mwandiko wake. Mama mkwe aliomba asomewe daftari, akaketi kwenye mkeka akichambua mchele mpya. Baba watoto akasoma: Jumatatu, Tanga, dawa ya kuku. Jumanne, Tanga, gesi. Jumatano, Tanga, kurudisha kidhibiti cha gesi kilichokosewa. Alhamisi, Tanga, kumsubiri shemeji benki, injini ikiwaka kwa ajili ya kiyoyozi. Ijumaa, Tanga, chanjo ya kuku, iliyosahauliwa Jumatatu.

"Hizi si njia moja?" mama mkwe akauliza.

Kimya.

"Tanga ni Alhamisi," akaamuru. "Mwenye shida aiandike mlangoni. Asiyeandika atapanda daladala. Na mnishushie nazi zangu."

Kipimo cha sasa, pampu ile ile mpaka ijikate, kinatoa kilomita kumi na sita na ushei. Lakini barazani jioni hutasikia habari ya ngoma ya breki wala ya Alhamisi. Utasikia habari ya mguu. Juzi alikuwa akimweleza jirani yetu mvuvi, mtu mzima anayekwenda kuvua Karange tangu utotoni, kwamba siri yote ni ulaini: usikurupuke, usome njia, uache chombo kiende chenyewe.

"Ngalawa yangu haina mashine, bwana," jirani akasema. "Natumia tanga."

Baba watoto akafikiri kidogo, akatoa kalamu mfukoni na kumuuliza tanga hilo lina upana wa mita ngapi.