Muulize Halati: Kipupwe na Mtoto wa Kwenda Tata

Kusi limeshika, samaki wamepanda bei, na barua zimepanda pamoja nao. Kila ikifika Juni, sanduku langu hujaa vilio vya wazazi vijana wa kisiwani: mtoto ameanza kwenda tata, nje kuna upepo, ndani kuna bibi. Nimechagua chache. Majina nimeyaficha, ingawa kwa Mji wa Kale hiyo ni kazi bure. Watu wa huku hujuana hata kwa kikohozi.

*Bi Halati, masalkheri. Mwanangu ana mwaka na miezi minne. Tangu kipupwe kiingie, mavyaa wangu humvisha sweta mbili, soksi, na kofia ya sufi yenye kishada juu, kisha hufunga madirisha. Nikitaka kumtoa nje jioni huniambia, "Mwana yuwatetema, wewe huoni?" Mtoto hatetemi, yuwatoka jasho. Nifanye nini bila kuvunja nyumba?*
*Mkaza Mwana, Kibokoni*

Mamangu, mavyaa wako hana kosa la nia, ana kosa la kipimajoto. Usiku wa Julai hapa Mombasa joto hushuka hadi nyuzi 20 au 21, na mchana hufika 27. Limuru wakipata nyuzi 27 huvua mashati. Ukitaka kujua hali ya mtoto, tia vidole viwili nyuma ya shingo, chini ya kola. Pakiwa na majimaji ya jasho, punguza nguo; pakiwa pa baridi, ongeza. Viganja na nyayo usiviulize, vya watoto wadogo huwa baridi hata wakiwa wazima kabisa. Na mafua huletwa na virusi, si na upepo wa Kibokoni. Virusi hivyo hupenda chumba kilichofungwa madirisha, chenye jamaa sita na mmoja wao akipiga chafya.

Lakini usimwendee mavyaa na maneno haya, maana utashinda hoja na kupoteza ndoa. Mwendee na historia. Muulize kwa adabu: "Mama, ni kweli zamani Siku ya Mwaka watu walikuwa wakienda kuoga baharini alfajiri?" Atakwambia ni kweli, na atakaa kitako akuhadithie mpaka chai ipoe. Mwaka huo wa Waswahili, nairuzi, una siku 365 bila nyongeza, kwa hiyo husogea polepole katika kalenda yetu ya ukutani. Siku hizi huangukia Julai, na ndiyo maana Mwaka Kogwa wa Makunduchi kule Unguja hufanywa mwezi huo. Julai, mamangu! Kipupwe kimekomaa, na watu wamo majini. Akimaliza kuhadithia, mwombe amchukue mjukuu wake, yeye mwenyewe, akamwonyeshe bahari ya hadithi hizo. Utaona kofia ya sufi inavyobaki kitandani bila mtu kuamrishwa.

Sweta moja iache. Sweta moja ni heshima.

*Halati, mimi na mke wangu tunafanya kazi siku sita. Jumapili mtoto wetu wa miaka miwili huamka kabla ya jogoo akiwa na nguvu za mpagazi wa bandarini. Ikifika saa nne asubuhi michezo yote imekwisha, tunampa simu. Pesa hakuna. Twende wapi?*
*Baba Simu, Tudor*

Baba, michezo imekwisha saa nne kwa sababu mmeanza na michezo. Mtoto wa umri huo hachezi, hukagua. Mpe mji aukague.

Na msimu wa ukaguzi ndio huu. Januari na Februari, wakati wa kaskazi, kuta za Mji wa Kale hulimeza jua mchana na kulitapika usiku, na mtoto akitembezwa adhuhuri hurudi amelegea. Aprili na Mei ni masika, vichochoro hugeuka mifereji. Kuanzia Juni hadi Septemba ndipo mtu huweza kumtoa mtoto saa tatu asubuhi na kumrudisha saa sita wote wawili wakiwa bado wanapendana. Manyunyu yatapita, ndiyo. Hupita haraka kuliko nyinyi mtakavyotafuta mwavuli.

Anzeni nje ya ukuta wa Fort Jesus, ambako hakuna kiingilio. Wareno waliianza ngome ile mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na Waomani wakaizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698 ndipo wakaingia. Mhadithie mtoto yote haya, kwa faida yako wewe. Yeye atakuwa anamtazama mjusi. Atamtazama kwa robo saa, nawe utatamani kumvuta mkono akaone mizinga, kwa kuwa mizinga ndiyo uliyokuja kumwonyesha. Usimvute. Waliofungiwa mle walivumilia karibu miaka mitatu. Wewe robo saa ya mjusi inakushinda?

Kisha shikeni Ndia Kuu kuelekea Bandari ya Kale. Mtu mzima mwenye haraka huimaliza kabla hajakumbuka alichokuwa akikifuata. Kwa mwendo wa tata ni kazi ya asubuhi nzima, maana kila baraza lazima lipandwe na kushukwa, na kila paka lazima asalimiwe, na paka wa Mji wa Kale ni wengi na hawana miadi popote. Milango ya nakshi ina faida moja ambayo waongoza watalii hawaitaji: maua ya chini ya fremu yako sawasawa na vidole vya mtoto wa miaka miwili. Mwache apapase, mbao hizo zimepapaswa na wengi. Mkipita Msikiti wa Mandhry, wa mwaka 1570, mwonyeshe mnara, atakuonyesha njiwa. Mkichoka, kaeni barazani karibu na muuza kahawa. Wewe uchukue kahawa tungu kutoka kwenye dele, mtoto achukue kashata, na msibadilishane. Jambo moja tu silifanyii mzaha: kwenye pembe za vichochoro mshike mkono barabara, kwa sababu pikipiki za mjini humu hazipigi hodi.

Pesa hamna, umesema. Feri ya Likoni haimtozi kitu mwenda kwa miguu. Vuka, geuka, rudi. Mtoto atakuwa amepanda meli mbili kwa asubuhi moja, na ukimuuliza tofauti kati ya feri na safari ya kwenda Muscat hataiona. Chagua Jumapili asubuhi, usichague saa za watu kutoka kazini, na umfunge mgongoni kwa leso ya mamake. Ndiyo, wewe baba. Atakayekucheka hajawahi kushuka feri katikati ya umati huku akimtafuta mtoto kwenye usawa wa magoti ya watu.

Kutoka hapo mko karibu na bustani ya Mama Ngina. Tangu ilipotengenezwa upya mwaka 2019 pana njia pana za kukimbilia, mibuyu mikubwa ya kuzunguka, na mihogo ya kukaanga ambayo utaomba ya mtoto isitiwe pilipili, na itatiwa, kwa hiyo chukua maji. Keti utazame mlango wa Kilindini. Meli za makontena hupita karibu na ufuo hivi kwamba mtoto hupungia mkono akiamini nahodha anamwona. Usimsahihishe. Huenda anamwona.

Siku mkijaliwa nauli ya matatu na kiingilio, vukeni daraja la Nyali mwende Haller Park, Bamburi. Habari ya urafiki wa kiboko Owen na kobe Mzee kila mtu anaijua, msinilazimishe kuirudia. Mimi napenda habari ya jongoo. Pale palikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji, mwamba mtupu wenye chumvi, na mwaka 1971 René Haller akaanza kupanda miti. Mivinje ilikubali, lakini majani yake yaliyodondoka yalilala chini bila kuoza, na bila kuoza hakuna udongo. Akaleta jongoo wenye miguu myekundu. Wakala, wakatoa samadi, na msitu ukapata pa kusimama. Sasa mtampeleka mwana wenu akaone twiga, naye atampa twiga mgongo na kuinama chini kufukuafukua. Amekwenda moja kwa moja kwa mafundi wenyewe.

Simu iacheni nyumbani. Mkianza kumpiga picha kila hatua, mtakuwa mmemtoa mtoto kwenye simu mkaingia nyinyi.

*Bi Halati, shemeji yangu wa Nyahururu amekuja likizo ya Agosti. Jana, sote tumelala, alimchukua mwanangu wa miaka miwili akaenda naye kuogelea Nyali saa moja asubuhi. Mtoto amerudi midomo imegeuka rangi, anacheka. Nimkasirikie nani?*
*Mama Midomo, Kizingo*

Shemeji, lakini nusu. Kwa mtu wa Nyahururu bahari yetu ya Agosti, yenye nyuzi 25 hivi, ni maji ya kuogea yaliyokwisha pashwa moto. Ila mwili mdogo hupoteza joto upesi kuliko wa mtu mzima. Aingie dakika chache, atoke, akaushwe, afungwe leso kavu, apewe uji. Midomo ikianza kubadilika, mchezo umekwisha, alie asilie.

Linalonisumbua mimi si baridi, ni shemeji wa bara asiyejua maji. Kusi huichafua bahari, na siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupanda na kushuka mita 3 na zaidi. Mchanga uliouacha ukiwa mpana utaukuta umeliwa. Mfunze shemeji yako kuuliza saa ya kupwa kwa wavuvi kabla hajauliza bei ya samaki. Maji yakipwa, mtoto asiogelee hata kidogo: avae viatu kwa ajili ya miba, apelekwe kwenye vidimbwi vya miambani akatafute kaa na kiti cha pweza. Atazame, arudishe. Kiti cha pweza hakiendi kukaa Nyahururu.

*Halati, twakusalimu kutoka Göteborg, Sweden. Mwana wetu ana miaka miwili. Desemba jua latua saa tisa na nusu. Kule chekechea humlaza usingizi wa mchana nje, ndani ya kigari, theluji ikianguka. Mamangu aliyeko Mkanyageni alimwona kwenye simu akalia, ataka tumrudishe. Nasi wikendi hatutoki, twakaa ndani kutazama dirisha.*
*Waliogandishwa*

Wanangu, saa tisa na nusu jua limetua! Alasiri na magharibi zenu zinakanyagana visigino. Poleni.

Kuhusu usingizi wa nje, watu wa Sweden, Norway, Denmark na Finland wamewalaza watoto hivyo kwa vizazi, nao wameendelea kuzaana. Mtoto huyo yumo ndani ya sufi, juu ya sufi mfuko wa manyoya, na mwalimu anamchungulia. Aliye baridi ni mamako, na yeye yuko Mkanyageni.

Nyinyi ndio mnaonitia wasiwasi. Mtoto amezaliwa na theluji, nyie mnamfunza dirisha. Mvisheni nguo kwa tabaka, ya ndani kabisa isiwe pamba, maana pamba ikilowa jasho humganda mtu mwilini. Nunueni mitumba, huko pia ipo tele, msidhani ni ya Kongowea peke yake. Tokeni adhuhuri, wakati kajua kangali kanajikongoja, hata kwa nusu saa. Mtoto atafanya kazi ileile ambayo angeifanya Ndia Kuu: atapanda kila kijilima na kukishuka.

Na msiniambie theluji si ya watu wa kwetu. Mwaka 1998 Mkenya Philip Boit alikimbia kwa skii kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani, kilomita 10, akawa wa mwisho, na mshindi Bjørn Dæhlie akamngoja mwishoni ili amkumbatie. Mwaka uo huo alizaliwa Kilifi, hapo jirani, mtoto wa kike aitwaye Sabrina Simader. Alipelekwa Austria akiwa na miaka 3, umri wa mwana wenu ukiongeza mwaka mmoja, na mwaka 2018 akaiwakilisha Kenya katika mbio za kuteleza milimani kwenye Olimpiki ya Pyeongchang. Mtumieni bibi picha ya yule, siyo ya kigari. Na mkimpigia simu, mpigieni mtoto akiwa anabingirika thelujini na kucheka. Wakiwa wamelala, watoto wote huonekana yatima.

*Halati, kunguru alimpokonya mwanangu kitumbua pale Mama Ngina. Nilidhani ataogopa. Badala yake, sasa kila tukitoka humtafuta kunguru ampe kitumbua mwenyewe. Majirani wananisema.*
*Mama Kitumbua, Ganjoni*

Mwaka 2024 shirika la wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni 1, na mwanao amefungua hoteli. Majirani wana haki ya kusema. Kunguru hawa hula makinda na mayai ya ndege wengine, na mmoja akishibishwa huja na ukoo. Mbadilishie mtoto mteja: paka wapo, tena hao hukaa wakangoja zamu. Na kitumbua akilie chini ya mbuyu, mgongo ukiwa umegusa shina, asipate kuvamiwa kwa nyuma.

Wewe nunua viwili. Cha kwanza hicho hesabu kwamba kimekwenda.