Mgonjwa Ana Kilo Ngapi?

Ukimwambia mtu wa Katoro kwamba samaki wako wanaumwa, atakushauri uwakaange mapema kabla hali haijawa mbaya zaidi. Hapa samaki ni sato na sangara wanaoletwa kutoka ziwani, na dagaa wa kupimiwa kwenye kopo, basi. Samaki anayekaa kwenye tangi la kioo, ananunuliwa chakula, anawashiwa taa na hana siku ya kuingia jikoni, watu wanamtazama kama shemeji aliyekuja kusalimia akasahau kuondoka.

Tangi langu ni la lita 100, lipo steshenari, kati ya mashine ya fotokopi na rafu ya madaftari. Sikuliweka pale kwa mapenzi tu. Mteja anayetazama samaki haoni foleni. Ndani kuna gapi, moli na mimea ya majini niliyoipanda kwenye mchanga, mingine ya dukani Mwanza, mingine ya ziwani.

Ugonjwa uliingia na samaki wapya waliosafiri kwa basi ndani ya mfuko wa nailoni. Muda si mrefu moli mweusi akatokwa na vidoa vyeupe vya ukubwa wa punje ya chumvi, akawa anajisugua kwenye mawe huku amefunga mapezi. Wateja wakageuka jopo la madaktari. Kijana wa bodaboda alisema ni tetekuwanga. Mama anayeuza mihogo mlangoni alisema ni surua, tena ya kuambukizwa na wanaokuja kutoa kopi za vyeti. Mzee mmoja hakusema ni nini, aliuliza tu nimegombana na nani mtaani.

Kumbe ni kimelea, na jina lake ni refu kuliko mgonjwa mwenyewe: Ichthyophthirius multifiliis. Mfaransa Fouquet alikieleza mwaka 1876, na tangu hapo hakuna mfugaji wa samaki aliyekaa miaka mingi bila kukutana nacho. Ujanja wake uko kwenye maficho. Kidoa unachokiona kiko chini ya ngozi ya samaki, na dawa unayomwaga majini haikifikii. Kikishanenepa kinadondoka, kinajibandika kwenye mchanga au kwenye jani, kinajifungia ndani ya utando na kujigawa hadi kutoa watoto kwa mamia. Watoto hao wanatoka wakiogelea kutafuta samaki, na wasipompata ndani ya siku mbili hivi wanakufa. Hapo ndipo dawa inapowapata. Sisi wa Kanda ya Ziwa hatuna haja ya kushangaa, maana kichocho nacho kikitoka kwa konokono huogelea kumtafuta mtu, na muda wake ni mfupi vilevile. Kwa hiyo kinachotibiwa ni maji. Samaki anapona humo humo.

Nilianzia duka la dawa. Nikamwomba dada muuzaji dawa ya vimelea vya ngozi.

"Mgonjwa ana umri gani?"

"Miezi minne."

"Ana kilo ngapi?"

"Hata gramu tano hafiki."

Akaweka kalamu chini. Waliokaa kwenye benchi wakaacha kukohoa.

"Kaka, mama wa mtoto yuko wapi?"

"Yumo humo humo kwenye maji, naye ameshaanza kutoka vidoa."

Nilipotaja samaki alishika kifua. Aliniambia alikuwa anatafuta namba ya mwenyekiti wa mtaa. Halafu, kwa kuwa mfanyabiashara ni mfanyabiashara, akaniuzia chupa ya jivii: nimpake mgonjwa kutwa mara mbili, na asioge kwanza. Jivii ile sasa iko kwenye magoti ya wanangu.

Fundi mmoja alinishauri mrututu, na kwa haki ya Mungu hakuwa anaropoka. Shaba inakiua kimelea hiki kweli. Zamani mrututu ulitiwa hata kwenye mabwawa kuua konokono wa kichocho. Lakini kwenye tangi lenye mimea, dawa inayoua konokono haichagui: majani yanaungua, na mkono ukiteleza kidogo samaki wanamfuata konokono. Nikabaki na joto na chumvi. Maji yakipandishwa hadi nyuzi 30, kimelea hukimbizwa kwenye mzunguko wake na kwa kawaida hushindwa kuzaliana. Chumvi, gramu 2 kwa kila lita, inawamaliza wale wadogo wanaoogelea.

Lita 100 ni gramu 200. Mzani wa kuaminika Katoro uko wapi? Kwa mnunuzi wa dhahabu. Nikafunika bakuli kwa kitambaa, kwa ajili ya vumbi, nikaingia kwa jirani yangu.

"Bosi, naomba kupimiwa gramu 200."

Palikuwa na wachimbaji wawili wanasubiri kupimiwa vijipointi vyao. Pakawa kimya.

"Gramu ngapi?"

"200. Nimeshaisaga, iko tayari."

Jirani akainuka mwenyewe akafunga mlango. Sijafunua kitambaa, mchimbaji mmoja keshapenya dirishani kwa macho, mwingine kashika simu. Nilipofunua ikaonekana chumvi ya Uvinza, jirani akacheka mpaka akakaa chini, akanipimia bure. Lakini simu ilikuwa imeshakwenda. Kabla ya jua kuzama mwenye nyumba alikuwa amekuja kuniulizia kodi ya mwaka ujao, nimeletewa kadi mbili za mchango wa harusi, moja ikiwa na jina langu kama mgeni rasmi, na shemeji wa Bwanga ambaye hatujasikilizana tangu siku ya mahari akapiga simu kunisalimia.

"Shemeji, tunasikia umebarikiwa."

"Shemeji, ilikuwa chumvi."

"Shemeji, hata sisi tukipata tunasema chumvi."

Chumvi niliiyeyusha nikaitia kidogo kidogo. Hita nayo ilifanya kazi vizuri mpaka umeme ulipokatika, usiku wa Julai, na Julai ya huku ina baridi yake. Mke wangu alikuta chupa ya chai haipo mezani na maji ya kuogea watoto yamehama jikoni. Nilikuwa nimeyajaza kwenye chupa za plastiki na kuzielesha ndani ya tangi. Maji ya moto yana hewa kidogo, kwa hiyo pampu ya hewa haikupaswa kuzima hata kidogo. Aliyeiokoa ni yule kijana wa tetekuwanga: alifungua betri ya pikipiki yake, akaungaunga nyaya, akalala kwenye kiti cha wateja.

Katika hali hiyo akafika mama mkwe kutoka Nkome. Nikamwamkia, akaitikia, akatazama mvuke kwenye kioo, akatazama pakiti ya chumvi.

"Mkwe, samaki amechemshiwa maji, ametiwa chumvi, na bado haliwi?"

"Haliwi, mama."

"Zimebaki nyanya na kitunguu tu."

Nilijaribu kumweleza habari za furu. Sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950, akaja kuwafagia furu wa aina nyingi sana, na baadhi ya aina hizo leo zinatunzwa kwenye matangi ya kioo Ulaya na Marekani, zikiwashiwa taa na hita. Mama akasikiliza mpaka mwisho.

"Na huko nako hawaliwi?"

Kwa mama mkwe hubishani.

Vidoa viliisha, lakini tiba haikomi siku vidoa vinapoisha, kwa sababu vimelea vingine bado vimejifungia mchangani. Niliendelea na joto, nikawa nafyonza uchafu wa chini kwa mpira na kubadilisha maji, kila nilipoongeza mapya nikiyatilia chumvi yake. Moli mweusi amepona na amezaa. Moli na chumvi ni marafiki wa siku nyingi. Gapi wawili walikufa. Mimea ya ziwani ilipukutika yote kwa ile chumvi, ya dukani yenye majani magumu ikabaki.

Nawe ukinunua samaki mpya, mtenge kwenye ndoo yake peke yake kwa wiki tatu au nne, na pampu ya hewa, kabla hujamchanganya na wenzake. Ndoo sokoni Katoro zimejaa. Na chumvi yako kapimie dukani kwa mangi.